Mkono wa Msusi

3 Machi

Kwa Fundi Msasa,

Marahaba ya mbali, maana najua ungekuwa hapa ungeshanipa shikamoo kabla hujavua viatu. Mimi mzima. Goti linalalamika nikipanda ngazi, ila macho bado yanaona mstari uliopinda hata kutoka ng'ambo ya barabara. Shangazi yako naye mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Wewe je? Unakula, au unakunywa chai halafu unasema umekula?

Bango uliloliomba kwa maonyesho yako nimelishusha. Nilipanda mwenyewe, shangazi yako kashika ngazi huku anapiga kelele kwamba nitaanguka, utafikiri ndiyo kwanza naanza kazi. Ukuta wa saluni yake umebaki na mraba mweupe na misumari yake, na wateja wameanza kumuuliza kama saluni inahama. Nimelifunga kwenye blanketi langu la kijivu, na dereva wa lori nimemwambia asiweke kitu chochote juu yake. Akaniuliza, mzee, ndani kuna kioo? Nikamwambia ndani kuna mke wangu. Akanitazama, kisha akaliweka kiti cha mbele.

Najua hukumbuki vizuri. Ulikuwa mdogo mama yako alipofariki, kazi yako kupiga msasa mbao zangu na nusu ya vumbi unaila. Basi nikwambie, usije ukamtundika mama yako ukutani kwa watu bila kumjua. Mama yako alikuwa anafungua pini za nywele kwa meno. Nilimkataza mpaka nikachoka. Siku moja jino la mbele likakatika, mteja yuko kitini, nusu ya kichwa kimesukwa nusu bado. Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo hakucheka tena bila kuziba mdomo, kwa mgongo wa kiganja, chanuo limechomoza katikati ya vidole. Kamera ndiyo usiseme, alikuwa anazikimbia. Picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho, kafumba mdomo kama mtu aliyekamatwa. Pengo lile tuliliona mimi na wewe tu, na wewe ulikuwa unalitia kidole.

Ndiyo maana nilimchora vile, anacheka na mkono mdomoni. Mabango ya saluni nimechora mengi, wewe unajua. Uso ule ule, mkono ule ule wa kushika kioo, ukipita mtaani utadhani wasusi wote wamezaliwa tumbo moja. Ni kwa lile moja tu nilikaa nikamtazama mtu.

Kwa hiyo maonyesho yako yakiisha, lirudi. Sina lingine.

Baba yako

21 Machi

Shikamoo Baba,

Nakula, nakula kweli, mwambie na Shangazi. Hapa kwangu salama, ila chumba ni kidogo na harufu ya wino imeingia mpaka kwenye mto. Goti ulikande kwa maji ya moto, na ngazi uziache. Unasikia lakini?

Mama amefika bila mkwaruzo. Nimemtegemeza ukutani mbele ya meza yangu na kila nikiinua macho ananicheka. Nilikaa chini nikamtazama mpaka chai ikapoa.

Umeniuliza kwa simu ya Shangazi nafanya sanaa gani hasa, nikababaika. Ngoja nijaribu. Inaitwa sanaa ya pop. Vitu ambavyo watu wanavinunua kila siku bila kuviangalia, makopo, pakiti za sabuni, matangazo, sisi tunavichora vikubwa, kwa rangi za kupiga kelele, tunavirudia rudia ukuta mzima. Mtu akisimama pale ashtuke. Aone kwamba siku zote si yeye anayeichagua sabuni, sabuni ndiyo inayomchagua yeye. Nachapa kwa fremu ya kitambaa: unasukuma wino kwa mpira, unainua, unapata uso, unashusha, unapata mwingine kama ule ule. Wewe ulichora uso mmoja siku ngapi? Mimi natoa nyuso tele kabla maji hayajachemka.

Mwenye jumba la maonyesho, sote tunamwita Madamu, alipoliona bango aliweka simu chini. Na yule haiachi simu, Baba. Akasema maonyesho yote yawe juu ya huyu mama. Hebu fikiria! Mama yangu, msusi wa mtaani, ukuta mzima!

Litarudi. Nakuahidi.

Mwanao, Fundi Msasa

30 Mei

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sijambo, na maji ya moto yamenisaidia, sitaki kukudanganya.

Mwalimu wa jirani ameniletea gazeti. Upo ukurasa mzima! Nimelipitisha mtaa wote mpaka limelegea. Muuza mkaa ameuliza kama wewe ndiye yule aliyekuwa akitembea na vumbi puani, nikamwambia ndiye, na sasa wanaandika habari zake. Shangazi yako amekata picha akaibandika juu ya kioo cha saluni, kila mteja lazima asomewe. Nimefurahi mpaka nimejishangaa.

Mama yako mmemfanya wa kijani, wa waridi, wa manjano. Huyo wa kijani kanichekesha, angejiona angesema nimemlisha nini. Hayo yote ni mambo yenu, mimi simo.

Ila mwanangu, mkono uko wapi?

Nimeliangalia gazeti kwa miwani na bila miwani. Naona midomo myekundu na meno, meno meupe yamejaa, hakuna pengo. Labda ni uchapaji wa gazeti. Nieleze tu.

Baba yako

17 Juni

Shikamoo Baba,

Sijambo, nimechoka tu, watu hawaishi. Poleni na baridi.

Mkono niliutoa. Madamu alisema mkono unamfanya awe mtu mmoja mwenye habari zake, na sisi tulitaka uso wa kila mtu, uso wa dukani, unaocheka bila sababu kama wanavyocheka kwenye matangazo. Ilikuwa kejeli, Baba. Nilitaka watu wajione walivyo wepesi, kwamba ukiwaonyesha meno tu wanafungua mkoba.

Na sasa sikiliza kioja. Siku ya tatu walikuja watu wa kampuni ya dawa ya meno. Wakasimama mbele ya nyuso zile, wakacheka, wakapiga makofi. Nikajua wameudhika wanaficha. Kumbe wamependa! Wanataka uso ule kwenye boksi lao. Mwingine anautaka kwenye mifuko, mwingine kwenye fulana. Nilienda kuwacheka wenye maduka, wenye maduka wamecheka na mimi, wakakinunua na hicho kicheko chenyewe. Madamu anasema hiyo ndiyo sanaa yenyewe inavyotakiwa, itoke ukutani iingie barabarani. Sijui. Nilitia sahihi. Kila mtu chumbani alikuwa ananipongeza, na mimi nikawa nacheka nao.

Bango lipo. Linazunguka kidogo na maonyesho kwenye miji mingine, likimaliza nalileta. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

12 Novemba

Binti yangu,

Hujambo? Barua zako zimekuwa adimu, na ukipiga simu kwa shangazi yako una haraka. Mimi nipo. Nimekonda kidogo, lakini nguo bado zinakaa.

Mama yako amefika huku. Alianza kuja kwenye boksi la dawa ya meno. Kisha mifuko ya dukani. Kisha ndoo, miavuli, kofia za watoto. Juzi nimemwona mwanamke amebebea vitunguu usoni mwa mama yako. Jana upepo ulikuwa mkali na mifuko imenasa kwenye uzio wa shule, ananicheka toka mwanzo wa uzio mpaka mwisho. Watu wananipa hongera. Mzee, mkeo kawa staa! Nami nasema asante, niseme nini?

Halafu kuna duka la vitambaa, wameweka zulia la kufutia miguu mlangoni. Ni yeye. Nilikuwa nimefuata uzi tu. Mwenye duka ananiambia ingia mzee, karibu, mbona umesimama. Nikamwambia siwezi. Mbele yangu kijana kafuta tope la viatu vyake, kushoto, kulia, kwa adabu zote. Mwenye duka akaniambia tena ingia. Basi nikaruka. Kwa goti hili, binti yangu, niliruka kama mbuzi, nikaangukia kaunta, na waliokuwemo wakacheka. Nilinunua uzi. Wakati wa kutoka nikaruka tena.

Kampuni inagawa mabango ya bure kwa maduka na masaluni. Kwa hiyo kazi yangu nayo ndiyo hivyo tena, nani atamlipa mzee wa brashi wakati kuna bango la bure? Hilo sililii, nimeshachora ya kutosha. Lakini shangazi yako naye kachukua. Kalitundika pale pale, kwenye misumari yangu. Nilipomuuliza akasema, kaka, si ni yule yule? Yeye ni wifi yake, alimjua, alikula naye sahani moja, na anaona ni yule yule.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Nimemwota. Miaka yote hii nikimwota anakuja na mkono mdomoni, anakaa kitandani upande wake, halafu akishahakikisha tuko wawili tu anaushusha. Juzi kaja. Hakuziba mdomo. Kanichekea toka mlangoni na meno yale meupe, yamejaa. Nikamuuliza, wewe nani? Akaendelea kucheka vile vile. Niliamka nikajaribu kulikumbuka pengo, lilikuwa kubwa kiasi gani, lilikuwa wapi hasa, nikawa napata boksi la dawa ya meno tu.

Nataka bango langu. Sitaki maelezo ya Madamu. Nilione, nimkumbuke, basi.

Baba yako

4 Desemba

Shikamoo Baba,

Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza. U mzima? Goti liliumia uliporuka? Barua yako niliisoma nikiwa kituo cha basi na nikaliacha basi likaondoka. Nyuma lilikuwa na picha ya Mama.

Bango nimelichukua. Nilikwenda kwa Madamu, akasema lina watu wanaolitaka, nikamwambia lina mwenyewe. Tumegombana, sidhani kama nitafanya naye kazi tena. Nimelifunga kwenye blanketi lako lile lile na wiki hii linapanda lori.

Lakini kabla hujalifungua lazima ujue. Mkono haupo hata kwenye bango. Nilipaka rangi juu yake. Madamu alitaka bango litundikwe katikati ya nyuso za kuchapa, lifanane nazo, mtu asijue upi ulitangulia. Wazo lile nililipenda, Baba. Nililiona wazo kubwa. Sikupiga hata picha kwanza, niliona ya nini na bango lenyewe liko mbele yangu. Nikaufunika mkono, nikachora mdomo.

Na sikujua mdomo wake. Nilikaa na brashi nikijaribu kumkumbuka, nikakuta sina kitu. Nina harufu ya mafuta ya nywele na sauti ya chanuo likiwekwa juu ya meza, basi. Kwa hiyo nilichukua kioo nikacheka, nikachora wangu. Yale meno, hata ya kwenye boksi, ni yangu. Niliona ni njia ya kukaa naye kidogo, uso wake na mdomo wangu mahali pamoja. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Madamu.

Kampuni nimewaandikia waache. Wamejibu kwa heshima kubwa, na nakala ya sahihi yangu.

Nisamehe. Nimeandika neno hilo nikalifuta mara nyingi, karatasi imechoka.

Mwanao

19 Desemba

Fundi Msasa wangu,

Usilie. Nakujua, unalia huku umesimama, unashindwa hata kukaa. Kaa chini.

Bango limefika. Ni kweli nilipofungua blanketi nilishtuka, maana macho ni yake kabisa, macho niliyoyachora mimi, na chini yake unacheka wewe. Nilimfunika tena nikaenda kunywa maji.

Kisha nikafikiri kama fundi. Mwanangu, rangi juu ya rangi si mwisho wa dunia! Hujawahi kuniona nikikwangua bango la duka la viatu likatokea la bucha chini yake, na ng'ombe mzima? Rangi yangu ya zamani ilikuwa ya mafuta, ngumu, imekaa juani miaka. Yako ni changa. Wembe mpya, mkono mwepesi, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, na sina haraka. Yuko pale chini na mkono wake mdomoni, anangoja. Toka jana naimba, shangazi yako anauliza kama nimepata mchumba.

Niambie tu ulitumia rangi gani, nijue pa kuanzia. Nijibu upesi, vidole vinaniwasha.

Baba yako

27 Desemba

Baba,

Kama hujaanza kukwangua, usianze. Nimempigia Shangazi simu, haipatikani.

Nilipiga msasa kwanza.

Ulinifundisha rangi mpya haishiki juu ya rangi kongwe inayong'aa. Ulisema fundi anayepaka bila msasa ni mwizi. Kwa hiyo nilianza na ule mgumu nikamalizia na ule laini. Nilifumba macho nikapitisha kiganja, kama unavyofanya, nikarudia mpaka sikusikia ukingo wa kidole hata kimoja. Nilifurahi, Baba. Nilisema moyoni, Baba angekuwepo angenisifu. Vumbi lilikuwa la kahawia, la rangi ya mkono wake, nikalipuliza.

Hakuna kitu chini. Hakuna kitu, Baba.

Mwanao

15 Januari

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Barua yako ilinikuta nimeshaanza, na nimeshajua. Wembe ulipita kwenye rangi yako, nikangoja rangi yangu, ukagota mbao. Nikahamia pembeni kidogo, pale vidoleni. Mbao. Nikaenda kwenye chanuo. Mbao.

Ulipiga msasa vizuri. Nasema ukweli, nimeifanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona ubao uliosawazishwa namna ile. Nilipitisha kiganja nikakusifu, mdomo wenyewe ukasema, safi, Msasa. Halafu nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti. Shangazi yako alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni, akageuka nacho. Baadaye nikasikia ngazi inaburuzwa. Alipanda mwenyewe, na uzito wake ule, akalishusha bango la kampuni akaliweka uani kifudifudi.

Nilijaribu kuuchora upya. Nilifunga brashi kidoleni kwa uzi ule wa duka la vitambaa, maana vidole havishiki tena kama zamani. Ulitoka mkono mzuri tu. Lakini ulikuwa ule wa mabango, ule wa kushika kioo, niliowachorea wasusi wote wa mtaani. Nikafuta, nikajaribu tena, ukaja ule ule. Nilidhani huo ugonjwa mmeuleta ninyi na fremu zenu. Kumbe nilikuwa nao siku nyingi, ila mara moja tu nilipona, nami sikujua kama haitarudi.

Basi nimefuta yote. Pale kwenye mdomo nimeacha mbao tupu, kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni, na juu yake macho yanacheka. Nimemrudisha kwenye misumari yake. Wateja wanauliza nani kamharibu yule mama. Nawaambia hajaharibiwa, kaziba mdomo.

Hasira ninayo. Sitaki kukuficha, nikificha utaisikia tu. Naamka nayo, nakunywa nayo chai. Kukusamehe nitakusamehe, unanijua, lakini sitakusamehe kwa barua, sitaki uje uiweke kwenye fremu.

Bado anakuja, na bado ananichekea na mdomo wako. Nimekusahau na wewe sasa, ndilo linaloniumiza zaidi. Nikijaribu kukukumbuka ukicheka, ninyi wawili mnakuwa mtu mmoja, na huyo mtu simjui. Nahitaji kukuona umesimama hapa mlangoni na mdomo wako uko mahali pake, nijue kwamba huu ni wako.

Nauli usiitafute, shangazi yako ameshamwambia dereva wa lori, kiti cha mbele kipo. Blanketi nalo analo.

Njoo uyachukue meno yako, mwanangu, mama yako arudi na pengo lake.

Baba yako